Mshenga wa Korido

Mshenga alikuwa na koti moja la kazi, la kijivu, lenye vifungo vya shaba na mfuko wa ndani ambao mwishowe ulituna kidogo kwa sababu ya picha ambayo hakumwonyesha mtu. Akilivaa, ujue kuna nyumba inakwenda kupata mkwe. Asipolivaa, alikuwa mzee wa kawaida wa Scarborough, huku Toronto, kofia ya sufu imevutwa mpaka kwenye nyusi, anagombana na lifti.

Jina lake nalijua, maana nilipanga chumba kwake kwa miaka, lakini sikuwahi kusikia mtu akilitumia. Wakongo walimwita Papa Mshenga. Wakenya walimwita Mzee Mshenga. Wabongo wenzake walimwita Mshenga tu, na mtoto mmoja wa ghorofa ya chini alidhani hilo ndilo jina la ukoo.

Salamu zake zilikuwa ndefu kuliko safari ya lifti. Mtu alipanda naye chini, akafika kwake juu kabisa, na bado alikuwa hajamaliza kuulizwa habari za shemeji zake. Mlango ukifunguka, Mshenga aliuzuia kwa mguu. Lifti ikaanza kupiga kelele. Yeye akaendelea: "Na yule mdogo wako wa Winnipeg, goti lake?" Nimeona watu wakipanda ngazi na mifuko ya mchele mabegani ili kumkwepa, na wakamkuta juu anawasubiri.

Alikuwa Mwislamu, lakini wachungaji wote wa upande wetu aliwatambua kwa sauti, maana walimpigia simu kila posa ilipokwama. Alishawaozesha Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi, na safari moja kijana wa Kijamaika aliyetaka binti wa Moshi na akapewa. Kazi hiyo aliifanya kwa kanuni zake. Mshenga haendi peke yake. Mshenga hataji alichokuja kukitaka mpaka chai ya pili. Na neno halibebwi kama lilivyotoka mdomoni. "Maneno ya watu yanatoka mabichi," aliniambia. "Kazi yangu ni kuyapika."

Kanuni aliyoipenda kuliko zote ilihusu kukataliwa. Vijana walirudi kutoka ukweni wamenyong'onyea kwa sababu wameambiwa waje siku nyingine. Mshenga aliwacheka. "Anayekataa hakupi siku. Ukiambiwa rudi Jumapili, nenda kanunue suti."

Kwa kuwa haendi peke yake, shahidi wake nilikuwa mimi. Kazi ya shahidi ni kukaa kimya, kula kidogo, na kusema "ndiyo kabisa" kila mshenga anapokohoa. Shule niliiacha kidato cha pili, na Kanada nimekata kuku kiwandani, nimehamisha makochi, nimezoa theluji na nimelinda ghala lisilokuwa na kitu ndani. Hakuna kazi niliyoimudu kama hiyo ya ndiyo kabisa.

Halafu huyo huyo fundi wa ndoa alikuwa ameachwa na wake wawili, wote kwa simu. Nilipomuuliza imekuwaje, mimi nikitaka kujua jambo siwezi kunyamaza, hakuona aibu hata kidogo. "Wote wawili niliwaposa mwenyewe," akasema. "Sikumtuma mtu. Unaona sasa?"

Korona ilipokuja, harusi zilikatazwa na koti likatundikwa nyuma ya mlango. Mshenga alikubali kukosa kazi, lakini vijidudu hakuvikubali. Sijawahi kuona mtu akiogopa kitu asichokiona kiasi kile. Viazi aliviosha kwa sabuni ya vyombo, kimoja kimoja, kama anaogesha watoto mapacha. Mkate ulianikwa kwenye roshani mpaka ukawa ubao. Alivaa barakoa mbili, na akitaka kuzungumza nami jikoni, mimi nilisimama kwenye mlango wa bafu. Siku moja nilipiga chafya. Alinisukumia chakula kwa fagio kwa wiki nzima: sahani chini, fagio nyuma yake, inateleza kwenye sakafu mpaka miguuni kwangu.

Watoto ndio hakuwahurumia hata kidogo. Redio ya nyumbani aliyoisikiliza kwa simu ilianza kuzungumza habari za watoto na vijana waliofungiwa ndani: hawalali, hawali, wanalia bila sababu, wengine wamepata sonona. Mshenga alikuwa akizima. "Sonona ni neno la redio," alisema. "Watoto wa huku kila mmoja ana chumba chake. Mtu ukimpa chumba chake, anapata nafasi ya kukosa raha. Sisi tulilala wanane, nani angepata nafasi?"

Nilimwambia kwamba wale wanane angalau walikuwa wanaruhusiwa kutoka nje. Akaniambia niongeze sabuni kwenye viazi.

Sasa, kwenye korido yetu, milango miwili kutoka kwetu, alikaa Mama Aline. Alikuwa Mkongo wa Uvira, mwanamke mfupi mwenye kicheko kikubwa, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Miezi ile wazee wake walikuwa wanakufa, na yeye alirudi nyumbani akiwa na alama za barakoa usoni kama mtu aliyelala juu ya waya. Alikuwa na binti mmoja, Aline, wa miaka kumi na tano. Huyu kabla ya korona alikuwa kelele ya korido nzima. Alicheza mpira wa kikapu kwenye zulia la nje mpaka Bibi wa Kitamil wa mlango wa mkabala akatoka na mwiko.

Siku moja Mama Aline alisimama mbele ya mlango wetu, mbali, kwa heshima ya vile vijidudu.

"Papa Mshenga, mutoto ananishinda," alisema. "Iko tu mu chumba. Hakule, haongee. Masomo ya kompyuta aliacha. Tangu majani yaanguke sijasikia sauti yake."

"Mfungie hiyo intaneti."

"Nilifunga. Hakuuliza hata." Akashika ukuta. "Mara ya mwisho aliongea, aliniambia haone sababu ya kuamka. Vile tu, Papa. Kama mutu anasema maziwa imeisha."

Mshenga alivuta barakoa zake juu, zote mbili, ingawa zilikuwa mahali pake. Nilimtazama nione atatoa lile la vyumba na watu wanane. Hakulitoa.

"Unataka nifanye nini, binti yangu? Mimi si daktari. Mimi nabeba maneno tu."

"Njo basi ubebe. Yangu hayafike."

Alirudi ndani, akachukua koti la kijivu nyuma ya mlango, akalikung'uta vumbi.

Kuingia kwa watu kulikuwa hakuruhusiwi, na hata kungeruhusiwa asingeingia. Kwa hiyo aliweka kiti cha kukunja kwenye korido, mbele ya mlango wa Mama Aline ulioachwa wazi. Kutoka pale ungeona ujia mfupi, na mwisho wake mlango wa Aline umefungwa. Mimi shahidi nikasimama nyuma. Bibi wa Kitamil akafungua mlango wake kidogo, akavuta kigoda, akakaa. Kiswahili hakujua hata neno, lakini posa aliitambua.

Hapo ndipo lilipotokea kosa ambalo nadhani halijapata kufanywa na daktari yeyote wa watoto. Mshenga alikuwa hajavaa koti lile kwa miezi. Alilivaa, akakaa, akaniona nyuma yake, akaona mlango wa binti mbele yake, na mdomo ukaanza wenyewe.

"Hodi wenyewe. Tumekuwa tukipita njia hii tukasikia harufu nzuri. Tukauliza, inatoka wapi? Tukaambiwa, katika nyumba hii kuna ua."

"Papa," Mama Aline alinong'ona.

"Ua lililochanua, ambalo mwenyewe hajaja. Nasi upande wetu tunaye kijana..."

"Papa! Si vile tulisema!"

Mlango wa mwisho ukafunguka. Aline akasimama pale na blanketi mabegani, amekonda, nywele nusu zimesukwa na nusu zimefumuliwa, kama mtu aliyeghairi katikati. Kiswahili alikielewa chote, ila alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa huku.

"Mama, unaniozesha? Kwenye korido? Katikati ya korona?"

"Hapana, mutoto yangu, kwa jina la Yesu!"

"Na huyu ndiye bwana harusi?" Alikuwa ananielekezea kidole mimi, nikiwa na fulana ya kiwanda cha kuku.

Mshenga, kwa mshtuko, akakohoa.

"Ndiyo kabisa," nikasema.

Mlango ulibamizwa mpaka picha ya Yesu ikaanguka ukutani. Bibi wa Kitamil akapiga makofi. Mshenga akashika kichwa, na mimi nikaanza kutafuta ngazi ziko upande gani. Mama Aline peke yake hakusogea. Alikuwa anautazama ule mlango, mkono kifuani.

"Ameongea," alisema. "Papa, ameongea!"

Kesho yake Mshenga alirudi. Safari hii alibeba sahani ya visheti alivyokaanga mwenyewe, akaiweka sakafuni na kuisukuma kwa fagio refu, ikateleza ujia mzima mpaka mlangoni kwa binti. Hakusema neno. Tulikaa. Baadaye mkono ukatoka, ukachukua sahani, mlango ukafungwa. Siku iliyofuata sahani ilikuwa imewekwa nje, na juu yake kuna biskuti moja ya chumvi.

Mshenga alisimama kwenye kiti chake cha kukunja. "Hairudi tupu! Mmeona? Huyu mtoto kalelewa! Sahani haikurudi tupu!" Halafu akaifuta ile biskuti kwa dawa ya kuua vijidudu mpaka ikayeyuka.

Mazungumzo yalianza hivyo, na yalikwenda kama mahari. Aline alisema kupitia upenyo wa mlango, Mshenga akageuka akamwambia mama aliyesimama hatua chache tu kutoka hapo, kana kwamba mama hakusikia. Ndivyo kazi inavyokwenda. Aline alisema mama yake ni mkali kama polisi. Mshenga akapika: "Binti anasifu ulinzi wa nyumba hii, anaomba upunguzwe." Mama akasema mtoto ananuka, afungue dirisha. Mshenga akapika: "Mama anatamani upate hewa ya asubuhi." Upenyoni kikasikika kitu kama kicheko kilichokohoa.

Aline alitoa masharti. La kwanza, mama aache habari za kambi. "Kila nikisema nimechoka, analeta kambi ya wakimbizi," alisema. "Najua walilala kwenye matope. Mimi sijalala kwenye matope. Basi siruhusiwi kuchoka?"

Hilo Mshenga alilibeba taratibu, nikaona linamgusa na yeye, yule wa watu wanane chumba kimoja. Mama alibisha, akatoa kambi palepale, akajisikia anaitoa, akaikatisha. "Sawa," alisema. "Kambi nitaacha. Lakini ale."

Sharti la pili lilikuwa zito. Shuleni kwao kulikuwa na mshauri wa kuzungumza na wanafunzi kwa simu, na Aline alimtaka. Mama Aline aliruka. "Mutoto yangu hana wazimu! Watamuandika wazimu!"

Mshenga alifikiri mpaka Bibi wa Kitamil akasinzia. Kisha akasema, "Mama Aline, binti hajasema ana wazimu. Anaomba mshenga mwingine. Yeye na kichwa chake hawaelewani, anataka mtu wa kukaa katikati. Mshenga wa kusomea."

"Wa kusomea?"

"Wana vyeti, naambiwa." Alilisema kwa wivu mtupu. Na baadaye alimhoji Aline habari za yule mshauri kama anavyomchunguza mchumba: anatoka wapi, anasikiliza au anasema tu, anakuja na shahidi?

Lakini siku ninayoikumbuka ni ile ambayo Mshenga hakupika. Mama alikuwa ametoka kazini, bado na sare. Mshenga alikuwa anauliza jambo dogo, kwa nini binti hali mezani hata wakati mama hayupo. Aline akasema polepole. Alisema alisikia kwamba watoto wanabeba virusi bila kuumwa. Hakuwa na mtu mwingine hapa Kanada ila mama. Kwa hiyo hagusi meza wala kikombe, na mama akiwa kazini halali, anasikiliza ufunguo. "Mwambie sijamkasirikia. Nakaa humu ili asife kwa sababu yangu."

Mshenga aligeuka. Alifungua mdomo kama kawaida yake, na hakuna pambo lililotoka.

"Anasema anakaa humo ili usife kwa sababu yake."

Mama Aline alikaa chini, kwenye zulia la korido, na sare yake. "Na mimi nalala ku kochi," alisema, "singie kwake, simuguse, kwa sababu natoka kule wazee wanakufa. Niliona asiambukizwe. Papa, mwambie. Mwambie simukimbie."

Hakukuwa na haja ya kumwambia. Mlango ulikuwa umeshafunguka, Aline yuko mlangoni na blanketi lake. Walitazamana kwa urefu wa ujia ule, kila mmoja ameshika ukuta wake, hakuna aliyethubutu kusogea. Bibi wa Kitamil alifunga mlango wake polepole. Mshenga alikunja kiti. "Shahidi," aliniambia, "twende tukaoshe viazi."

Aline hakupona kama taa inavyowashwa. Alizungumza na mshauri wake kwa simu, mama akamsindikiza kwa daktari, nywele zikasukwa upande uliobaki. Kulikuwa na siku mlango ulifungwa tena na Mshenga akazunguka jikoni akilalamika kwamba washenga wa vyeti hawafuatilii. Halafu ulifunguka tena. Majira ya baridi yalipokwisha nikasikia mpira unagonga kwenye zulia, na Bibi wa Kitamil hakutoka na mwiko.

Habari zilienea. Wazazi walimwita North York, upande mwingine wa mji, walimwita kwa video, na koti likawa linavaliwa kuliko enzi za harusi. Si kila posa ilifaulu. Kijana mmoja wa North York alijadiliana naye vizuri kiasi kwamba Mshenga alitoka pale amemwombea kwa baba yake mashine mpya ya michezo, na chumba hakikufunguliwa. "Yule," alisema kwa heshima, "nitamrithisha koti." Ila redio hakuizima tena ikitaja sonona. Aliongeza sauti, akawa anabishana na mtangazaji.

Ile picha ya mfukoni niliiona mara moja, alipoliangusha koti. Ilikuwa ya mtoto mchanga kwenye blanketi la njano.

"Mjukuu," alisema, akaichukua haraka. "Yuko Pickering."

Pickering unakwenda kwa basi na kurudi kabla chai haijapoa. Nilimuuliza mara ngapi amemwona. Hakuwahi. Mwanawe wa pekee alioa bila kumwambia, akaenda kusaini cheti cha ndoa na msichana wake, kisha akampigia baba simu. "Mimi! Nimeozesha mji mzima, na mwanangu ananipa taarifa kama kampuni ya umeme." Alimwambia mwanawe neno moja bichi, hakuniambia ni lipi, na simu hazikupigwa tena. Mtoto akazaliwa korona ilipoanza, mtu mwingine akatuma picha.

"Tuma mtu," nilisema.

"Nimtume nani? Mshenga ni mimi."

Niliondoka Toronto baada ya hapo, sikai mahali. Nimekuwa Windsor kwenye nyanya, nimekuwa Alberta kwenye baridi isiyosemeka. Vuli iliyopita nilirudi, nikapanda lifti ile ile, nikagonga. Alifungua akiwa na koti la kijivu, kola imepigwa pasi, uso kama wa mtu anayekwenda kung'olewa jino.

"Umechelewa," alisema, kana kwamba nilitoka asubuhi. "Shuka chini. Gari linangoja."

Kwenye usukani alikuwa Aline, mwanamke mzima, anasoma chuo, nywele zimesukwa pande zote mbili. Mama yake alikaa mbele, amepakata sahani ya visheti iliyofunikwa kwa karatasi ya fedha. Njia nzima ya Pickering Mshenga alimfundisha Aline maneno ya kumwambia mwanawe.

"Unaanza, tumekuwa tukipita njia hii..."

"Babu, mwanao ana ndevu. Siwezi kumwita ua." Alilisema kwa Kiswahili, kibovu, lakini chake.

"Basi utasema nini?"

"Nitasema baba yako yuko kwenye gari na anaogopa."

"Usipike hivyo!"

"Sipiki. Nabeba."

Tulisimama mbele ya nyumba yenye baiskeli ndogo uani. Anayeposa haingii na mshenga, kwa hiyo Mshenga alibaki garini, na mimi nikaachwa nimlinde asikimbie. Shahidi alikuwa Mama Aline. Nikawaona wakipanda ngazi, binti mbele na mama nyuma, Aline akakohoa kwa majaribio na mama yake akaitikia kwa kichwa: ndiyo kabisa. Mlango ukafunguka, wakaingia.

Mshenga alikosoa kila kitu. Binti kavaa suruali ya jinzi. Hajavua viatu haraka. Wamekaa mno. Hawajakaa vya kutosha. Kioo cha gari kikajaa mvuke wake, akawa anafuta tundu dogo la kuchungulia.

Walipotoka, aliteremsha kioo kabla hawajafika. "Amesema nini?"

"Amesema turudi Jumapili," Aline alijibu.

"Amekataa." Alijiegemeza nyuma na kufumba macho. "Nilijua. Washa gari, binti yangu."

Aline aliingia, akaacha ufunguo ulivyo, akageuka kumtazama. "Babu. Anayekataa anatoa siku?"

Mzee alifumbua macho. Akakohoa.

"Ndiyo kabisa," nikasema, na Mama Aline akaangua kile kicheko chake kikubwa mpaka gari likatikisika.

"Na sahani?" Mshenga aliuliza kwa sauti ndogo.

Mama Aline alimpa. Akafunua karatasi ya fedha. Visheti vilikuwa vimekwisha, na katikati ya sahani kulikuwa na biskuti moja, imeumwa pembeni kwa meno madogo, bado na unyevu.

"Mjukuu wako aliiweka mwenyewe," Aline alisema. "Alikuwa anaila. Baba yake akasema sahani ya babu hairudi tupu."

Nilingoja atoe dawa ya kuua vijidudu. Alikuwa nayo, kichupa kilionekana kwenye mfuko wa nje. Aliishika ile biskuti, akaigeuza, akatazama alama za meno moja moja. Kisha akaitia mdomoni yote, akatafuna polepole huku anautazama ule mlango.

"Jumapili saa ngapi?" aliuliza, mdomo umejaa.